Altrasaundi ya kasoro: "Ukishajua, utafanya nini?"

Mjamzito anayetaka kupigwa altrasaundi ya wiki ya 18 hadi 22, ile ya kukagua viungo vya mtoto kimoja kimoja, hukutana na swali hili: "Ukiona kasoro, utafanya nini?" Anayeuliza huwa anadhani kipimo hiki kina kazi moja tu, kuamua mimba ibaki au itolewe.

Tuangalie moyo. Wapo watoto ambao mishipa yao miwili mikuu ya moyo imebadilishana nafasi: damu yenye oksijeni inarudi mapafuni ilikotoka, isiyo nayo inazungushwa tena mwilini. Tumboni hawadhuriki, maana oksijeni inatoka kwa mama kupitia kondo. Wakishazaliwa, miongoni mwa mategemeo yao makubwa ni kijishipa kilicho karibu na moyo, kinachochanganya damu hizo mbili, nacho huanza kujifunga ndani ya saa au siku chache. Dawa ya kukizuia kisifunge ipo, prostaglandini. Mtoto aliyejulikana mapema huzaliwa mahali ambapo dawa hiyo imeshaandaliwa na daktari wa moyo yuko jirani. Asiyejulikana hugeuka rangi ya buluu mikononi mwa mkunga, na muda wake unaishia safarini. Kasoro ni ileile, upasuaji ni uleule. Kilichopungua ni saa, na kwa mtoto huyu saa ndiyo pumzi.

Hata mgongo wazi, yaani uti wa mgongo usiofunga vizuri: utafiti wa Marekani wa 2011 ulionyesha kuwa waliofanyiwa upasuaji wakiwa bado tumboni walihitaji mrija wa kutoa maji kichwani kwa asilimia 40, dhidi ya 82 kwa waliosubiri kuzaliwa, ingawa wengi wao walizaliwa njiti.

Wenye mashaka nao wana hoja. Utafiti mwingine wa huko, wa 1993, wenye wajawazito zaidi ya 15,000, uligundua asilimia 35 tu ya watoto wenye kasoro, na vifo havikupungua. Mashine zimeboreka sana tangu hapo, lakini hadi leo picha safi si hakikisho. Tena kuna vifuko vya maji kwenye ubongo, vinavyoonekana katika mimba 1 au 2 kwa kila 100 na ambavyo, vikiwa peke yake, karibu vyote hutoweka vyenyewe. Mama akiambiwa "kuna kitu kichwani" kisha akaruhusiwa aende, wiki zinazofuata hapati usingizi.

Hapo lawama naiweka kwa msomaji wa picha. Aeleze kabla hajapaka jeli kipimo kinaona nini na kinakosa nini, na mama asiyetaka kujua aheshimiwe.