Vidonge vya Nash na Umeme wa McMurphy: Filamu Zinapogusa Tiba ya Akili

Filamu ya A Beautiful Mind, aliyoiongoza Ron Howard mwaka 2001, ina sentensi moja inayozua ubishi mpaka leo. Tuko mwaka 1994, karibu na mwisho. Mwanahisabati John Nash, anayeigizwa na Russell Crowe, anamwambia mgeni aliyekuja kumpima kama anafaa kupewa Nobeli kwamba sasa anatumia dawa mpya. Nash mwenyewe aliacha dawa yapata mwaka 1970 na hakuzirudia tena. Watengenezaji walijua hivyo. Waliogopa kwamba mgonjwa wa skizofrenia, ugonjwa wa akili wa Nash unaomfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwepo, angetoka ukumbini akaenda kutupa vidonge vyake.

Hofu hiyo ina msingi. Anayeacha dawa ghafla mara nyingi hujisikia vizuri mwanzoni: mwili ulioganda unalegea, usingizi mzito unapungua, mikono inaacha kutetemeka. Anaamini amepona, na ndugu zake wanaamini pia. Ugonjwa hurudi baadaye, baada ya wiki au miezi, wakati hakuna tena anayekumbuka tarehe ya kidonge cha mwisho. Filamu inaonyesha mtego huu vizuri kuliko vipeperushi vingi vya kliniki. Nash anaficha dawa kwa sababu zimemzimia hesabu na zimempoza kwa mkewe, na si kwa ukaidi. Kisha anaachiwa mtoto bafuni, na maji yanaendelea kujaa. Daktari yeyote anayelalamika kwamba wagonjwa wake “hawafuati masharti” angefaa kuitazama sehemu hiyo kabla ya kuwagombeza.

Upande wa pili nao una hoja, na kwangu ndio wenye uzito zaidi. Filamu inayobeba jina la mtu aliye hai, kama Nash alivyokuwa wakati ule, imeahidi ukweli fulani. Na hapa uongo wa dawa haukuja peke yake. Nash na mkewe Alicia walitalikiana mwaka 1963. Mwaka 1970 Alicia alimchukua akae nyumbani kwake, lakini hawakuoana tena hadi 2001. Katika miaka hiyo chuo cha Princeton kilimwacha azunguke kwenye korido za jengo la hisabati, akiandika ubaoni mambo yasiyoeleweka, bila kumfukuza. Alipata nafuu polepole, kwa miaka mingi, akiwa na paa, chakula na mahali pa kwenda kila asubuhi. Filamu imeondoa talaka, ikafupisha subira ya miaka, ikaweka mke asiyeondoka kamwe na hotuba ya Stockholm ya kumshukuru, ambayo Nash hakuitoa.

Familia inayouguza mtu inakosa nini hapo? Inakosa kuambiwa kwamba mlezi anaweza kuchoka mpaka akaondoka, na bado akawa wa msaada baadaye kwa namna nyingine. Ukiamini kwamba mapenzi ya dhati yanatosha, basi mgonjwa asipopona, kosa ni la mkewe. Wapo akina mama wengi wanaobebeshwa lawama hiyo bila hata kuiona filamu yenyewe.

Kuhusu dalili, mimi ni mpole zaidi. Filamu inampa Nash watu kamili anaowaona: rafiki wa bwenini, mtoto wa kike, jasusi mwenye kofia. Nash halisi alisikia sauti na kuamini njama, na ugonjwa ulimshika wazi mwaka 1959, si tangu akiwa mwanafunzi. Kwenye skizofrenia sauti ndizo za kawaida zaidi. Watu wanaoonekana dhahiri hivyo ni nadra. Lakini sauti haipigiki picha. Howard alimdanganya mtazamaji pamoja na mgonjwa, na pazia linapoanguka unaelewa kwa nini kumwambia mgonjwa “hayo unayoyaona hayapo” hakusaidii kitu. Kosa la dalili lililofundisha jambo hilo nalikubali.

Kosa la tiba ni jingine. One Flew Over the Cuckoo's Nest, ya Milos Forman, ilitoka mwaka 1975 na ilipigwa kwenye hospitali halisi ya akili huko Salem, Oregon. Mkuu wa hospitali hiyo, Dean Brooks, aliigiza nafasi ya daktari. McMurphy, mgonjwa ambaye ndiye mhusika mkuu, anashikwa, anawekewa vyuma kichwani akiwa macho kabisa, na umeme unapita ili kumwadhibu. Wanaoitetea husema filamu inazungumzia mamlaka, na kwamba hospitali za aina hiyo zilitumia tiba kama fimbo. Ni kweli, na ilistahili kusemwa.

Shida ni kwamba picha hiyo imebaki vichwani huku tiba ya umeme ikibadilika. Ikifanywa ipasavyo leo, mgonjwa huja akiwa hajala, anachomwa dawa ya usingizi mfupi na ya kulegeza misuli, anawekewa kinga ya meno na oksijeni. Umeme hupita kwa sekunde chache tu, kifafa kinachoamshwa makusudi huisha kwa takriban dakika moja, na mgonjwa huzinduka muda mfupi baadaye. Kwa kawaida ni vipindi 6 hadi 12, viwili au vitatu kwa wiki. Madhara yapo: kichwa kuuma, kuchanganyikiwa kwa muda, kusahau, na wengine hupoteza kumbukumbu zisizorudi. Hayo lazima mgonjwa na nduguze waambiwe. Lakini kwa mwenye sonona kali aliyeacha kula na kunywa, tiba hii inaweza kumwokoa haraka kuliko vidonge vinavyosubiriwa wiki kadhaa. Ndugu anayekataa kusaini kwa sababu ya McMurphy ameamua kwa ushahidi wa filamu ambayo hadithi yake inatokea mwaka 1963.

Hapo ndipo ningewabana waongozaji wetu pia. Kwenye filamu nyingi za Bongo na za Nigeria kichaa ni mwenye matambara anayeokota jalalani, amerogwa au analipwa dhambi, na anapona mara moja akiombewa. Maombi yana nafasi yake katika maisha ya watu, nami sitaki yafutwe. Kinachokosekana ni kliniki: sindano ya kila mwezi, dada anayeomba ruhusa kazini ili ampeleke kaka yake, nauli, dirisha la dawa linalosema dawa imeisha, mgonjwa anayenenepa kwa dawa na kuchekwa mtaani. Muuguzi wa akili angeweza kuisoma skripti kwa siku moja na kuonyesha wapi dozi haiwezekani na wapi nafuu imekuja mapema mno. Hadithi ya dada huyo ina migogoro ya kutosha kujaza filamu nzima bila mchawi hata mmoja.