Konokono Aliyekaribia Kuvunja Posa

Kwanza tuwekane sawa. Siku ya posa ya mdogo wangu, tangi langu la samaki halikupasuka. Hakuna mshenga aliyepigwa shoti, hakuna mzee aliyeogelea, na huyo "papa" anayezunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya mtaa wetu hapa Forest ni samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, sentimita 5 kila mmoja. Jamaa yangu niliyemwita aje kunisaidia kupanga viti ndiye aliyewahi kuisimulia habari hii kabla hata zulia halijaanikwa, na kila inakopita inaongezwa chumvi. Chumvi yenyewe ninayo mimi, na kipimo chake nakijua: gramu 35 kwa lita. Kwa hiyo isikilizeni kwa mwenyewe.

Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ndiye yule kichaa anayefuga bahari sebuleni Mbeya. Hapana, maji siyapandishi na basi kutoka Dar. Nayapitisha kwenye mashine ya kuchuja kwanza, maana klorini inaua na fosfeti za bombani zinaotesha mwani kila mahali, halafu nachanganya na chumvi ya matangi ya bahari. Ile ya kupikia haifai, wala msinitumie picha za pakiti: haina kalsiamu na magnesiamu ambazo matumbawe yanahitaji. Lita 100 zinakula kilo 3.6 hivi. Pampu inakoroga usiku kucha, hita inashikilia nyuzi 25, asubuhi napima kwa refraktomita, kile kifaa cha kupimia chumvi, ikisoma 1.025 ndipo maji yanaruhusiwa kuingia. Na matumbawe yangu ni yale laini, vipande vilivyooteshwa kwenye tangi la mtu mwingine. Wanaoniuliza kama nilikwenda kuvunja mwamba Mbudya, kile kisiwa cha karibu na Dar ni hifadhi tangu 1975, na mimi jela sina hamu nayo.

Sasa ili mwelewe aibu hii ilivyoingia, lazima niwafungulie kabati. Mgeni akiona tangi anaona kioo tu. Kazi yote inafanyika chini yake, kabatini. Maji ya juu yanafurika kupitia meno ya kisanduku cha pembeni, yanashuka kwa bomba hadi kwenye tangi dogo la chini, tunaloliita sampu. Humo ndimo ilimo skima, inayotoa uchafu kwa povu, na hita ya wati 200, ambayo mwezi wa Juni hapa kwetu haipumziki. Kisha pampu inayarudisha maji juu. Pampu ikizima ghafla, lile bomba la kurudishia linageuka: linaanza kuyanyonya maji kutoka juu kwenda chini, kama mtu anayeiba petroli ya pikipiki kwa mpira. Na linanyonya mpaka mdomo wake ukutane na hewa.

Mdomo wa bomba langu ulikuwa sentimita 9 chini ya uso wa maji. Tangi ni sentimita 90 kwa 45, kwa hiyo kila sentimita moja ya kina ni lita 4 na kidogo. Pigeni hesabu: zaidi ya lita 36 zinaweza kushuka, na nafasi iliyobaki kwenye sampu ni lita 23. Ndiyo maana kwenye bomba hilo kuna tundu la milimita 5, sentimita moja tu chini ya uso wa maji. Maji yakishuka hadi hapo, tundu linavuta hewa, mnyonyo unakatika, sampu inapanda kidogo na kutulia. Nililijaribu kwa kuzima pampu makusudi, na kila nilipozima lilifanya kazi yake. Tundu halikuwa na kosa lolote.

Ila Jumamosi lilikuwa na mgeni wake.

Na mimi nilikuwa na wangu. Baba alishatangulia, hivyo posa ya mdogo wangu ilipokelewa kwangu, msemaji wetu akiwa baba mdogo. Walikuja sita, mvua inanyesha, wakaacha viatu barazani kama ilivyo ada. Mshenga mkuu, mzee wa Kyela mwenye suti nyeusi na soksi nene za kijivu, tukampa kiti cha heshima. Kiti cha heshima kiko wapi? Mnajua kilipo. Kando ya tangi.

Mzee akawatazama samaki.

"Mwanangu, hawa ni wa Nyasa?"

"Hapana, baba. Nyasa ni maji baridi, hawa ni wa bahari."

"Wanaliwa?"

"Hapana, baba."

"Basi wanauzwa?"

"Hapana, baba."

Akamgeukia baba mdogo kwa jicho la mtu anayejiuliza kama binti naye amelelewa kwa mtindo huu huu.

Soda zikanywewa. Mzee akakohoa, akaanza yale maneno yenyewe. Kwamba wao ni wapita njia, kwamba wamesikia katika boma hili kuna ua, kwamba ua hilo limewapendeza. Anaongea polepole, anapanga neno kwa neno. Radi ikapiga upande wa mlima Loleza. Umeme ukakatika.

Wengine waliona giza. Mimi nilisikia kimya. Mnaofuga mnakijua kile kimya: pampu imenyamaza, skima imenyamaza, na kinachofuata ni mngurumo wa maji yanayoshuka kabatini, nusu dakika hivi, halafu mlio wa hewa, "kiu", mwisho. Nikatulia na soda yangu, naisubiri ile "kiu".

Haikuja.

"Ua hilo," mzee anasema, "tunaona halikujiotea tu."

Guruguru, guruguru.

"Lina wenyewe. Lina watunzaji."

Guruguru. Dakika nzima imepita. Jasho linanitoka Mbeya, kwenye mvua. Na siwezi kuinuka! Mshenga akiwa katikati ya maneno, kijana hainuki kwenda kuchungulia kabati. Baba mdogo angenizika na zile soksi.

"Lina watu," mzee akavuta pumzi, "waliolimwagilia."

Hapo hapo maji yakatoka. Sikieni, yalitoka kwa adabu. Mstari mwembamba chini ya mlango wa kabati, ukafuata kiungo cha vigae, ukafika ukingo wa zulia. Zulia likanywa. Likanywa mpaka likashiba, likaanza kung'aa. Doa likawa linatembea kuelekea kwenye soksi ya kulia ya mzee, na mimi nalitazama linavyotembea, na jamaa yangu aliyekaa mkabala naye analitazama, na macho yetu yanakutana, na hakuna anayesema.

Kidole gumba cha mzee kikajikunja.

Akasita. Akaitazama glasi yake ya soda, iko wima. Akasogeza mguu wa kulia kushoto kidogo. Huko ndiko kulikolowa zaidi. Na yule mzee, Mungu ampe maisha marefu, akaendelea! "Waliolimwagilia vizuri," akasema, miguu yote miwili imezama, sauti haikutikisika.

Ningeweza kuvumilia mpaka mwisho wa hotuba. Haki ya Mungu ningevumilia. Lakini nikaiona ekstensheni. Waya za tangi langu zimening'inizwa vizuri, kila mmoja una tumbo linaloshuka chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone likitiririka kwenye waya lidondoke pale chini lisifike kwenye plagi. Na soketi zenyewe ziko juu ukutani. Ekstensheni hii ilikuwa ya spika, imelala chali sakafuni, imeletwa asubuhi ile na nani? Na msimuliaji wenu wa WhatsApp, ambaye kwenye toleo lake ekstensheni haimo kabisa. Maji yamebakiza vigae viwili kuifikia, na umeme wa mtaani kwetu ukikatika hurudi bila hodi. Maji ya chumvi yanapitisha umeme kuliko ya bomba, na humo ndani kuna wakwe sita wenye soksi zilizolowa.

Nikapiga kelele: "MIGUU JUU!"

Ndugu zangu, wazee wana utii. Miguu kumi na kitu ikapaa. Baba mdogo kajikunja kwenye kochi kashika magoti. Mama mkubwa kapandisha miguu na kitenge. Mzee wa Kyela kainua zake mbele kabisa, zimenyooka, zinatiririka. Na yule mzee wa pili, ambaye sikio lake moja ni zito, akainua na mikono. Alidhani tumevamiwa. Akabaki hivyo, miguu juu, mikono juu, gizani, anasali kwa Kinyakyusa.

Nikaruka kwenda kuzima mein swichi, nikarudi na tochi ya simu, nikamulika lile bomba. Na ndiye huyo. Konokono wangu wa kula mwani, yule mkubwa, amekaa juu ya tundu la milimita 5 kwa unyayo wake wote, ametulia, pembe nje. Tangi zima lina kioo pande nne na mawe kilo kadhaa yenye mwani wa kula mpaka Pasaka, yeye amechagua pale. Nikambandua. Tundu likavuta hewa, fyuuu, na maji yakakata papo hapo.

Kilichofuata nitakipitisha haraka maana bado kinauma. Kwanza niliwasha pampu ya hewa ya betri na kufunika tangi kwa mablanketi. Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi, maji yanabeba oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko pwani, na bila mzunguko samaki hawana muda mrefu. Hii ndiyo sehemu ambayo upande wa pili wameibeba hadi Kyela: kwamba kijana alihudumia samaki kabla ya wakwe. Ni kweli. Soksi hazipumui.

Niligeuka nikamkuta shangazi amelikamua zulia kwenye ndoo na anakuja nayo tangini. "Chumvi ya hela hii, baba, isipotee." Zulia lililofuliwa kwa sabuni ya unga! Nikalikinga tangi kwa mwili wangu. Mpwa naye yuko nyuma yake na ndoo ya maji ya bombani. Nikawasimamisha wote wawili na kutoa somo gizani: maji yakipungua kwa kukauka, chumvi inabaki, unaongeza maji yasiyo na chumvi, yakimwagika, chumvi imeondoka nayo, unarudisha maji ya chumvi yenye kipimo kile kile na joto lile lile. Nilikuwa na dumu la lita 25 limeshachanganywa. Mzee wa Kyela, miguu bado juu maana hakuna aliyemwambia ashushe, alisikiliza somo lote, akagusa soksi yake, akaramba kidole.

"Ndaga," akasema, ndiyo asante ya Kinyakyusa. "Kweli ni bahari."

Umeme uliporudi, skima niliiacha imezimwa mpaka sampu ishuke kwenye kina chake. Ukiiwasha maji yakiwa juu inafurisha povu, na povu lile linanuka. Samaki wazima, matumbawe yalijikunja, kesho yake yakafunguka. Zulia limesuuzwa kwa maji matupu na bado halikauki vizuri, kwa sababu chumvi ya bahari inavuta unyevu wa hewani. Suruali nyeusi ya mzee ilikauka ikaacha mistari myeupe hadi kwenye goti. Tuliagana kwa heshima, hakuna aliyeitaja, wote tuliiona.

Wanaonishauri ninunue valvu ya kuzuia maji yasirudi, asanteni, lakini valvu ndani ya maji ya chumvi huganda kwa chokaa, ikibaki wazi kidogo tu imekwisha. Nimelipandisha bomba. Mdomo sasa uko sentimita moja na nusu chini ya uso wa maji, unatazama juu kidogo ili uso wa maji ucheze na kuvuta hewa, na tundu la pili nimelitoboa upande wa nyuma. Hata ukoo mzima wa konokono ukihamia pale, kitakachoshuka pamoja na maji ya mabombani hakizidi lita 10. Nimezima pampu mbele ya shangazi athibitishe. Alikuja na gambuti.

Na posa? Imekubaliwa. Kwenye kikao cha mahari upande wao waliomba jozi moja ya soksi na udobi wa suti vikatwe kwenye hesabu. Baba mdogo alitaka kukubali. Shangazi akagoma: ng'ombe ni ng'ombe, soksi atawafumia mwenyewe.