Msijisumbue

Ujumbe umeingia sasa hivi, nikiwa nimekalia mlango. Sikusema mlangoni. Nimekalia mlango wenyewe, umelala barazani kama mgonjwa anayesubiri gari. Ujumbe unasema: "Tumefika salama. Tumefurahi mno. Mwezi ujao tutarudi, tutakuwa wengi kidogo. Msijisumbue."

Msijisumbue! Ningekuwa na mamlaka, neno hilo ningelipiga marufuku kwa mtu yeyote aliyekwisha kupanda gari kuelekea kwa mwenzake. Mtu akikwambia nakuja, nataka hiki na hiki, unajua hesabu yako. Akikwambia usijisumbue, ndipo unapoanza kuitazama nyumba yako kwa macho ya mgeni, na hakuna nyumba iliyowahi kupona macho hayo.

Mnajua wenyewe majira haya. Mvua zimeshuka, majani yamechipua, na kila aliyekimbilia mjini anakumbuka ghafla kwamba ana ndugu. Wakati wa vumbi hukumbukwi. Wakati wa palizi ndiyo kabisa, simu zao zote huwa hazina chaji. Lakini ua moja likichanua tu, utasikia: "Watoto wanataka kuona shamba." Watoto wenyewe wakishuka garini, salamu yao ya kwanza ni kuuliza kama intaneti ipo.

Mimi ni mtu wa heshima zangu. Ujumbe wa kwanza ulipokuja wiki mbili zilizopita, nilimwambia mama watoto atulie, nyumba hii haina tatizo. Akaniangalia. Akanyoosha kidole darini. Kisha kwenye benchi. Kisha kwenye choo cha nje. Kisha akanyoosha kwangu. Neno hakusema.

Nikaanza na paa. Linavuja pale pale linapovuja kila mwaka, kwa sababu aliyeezeka alipiga misumari bondeni mwa bati, yanapopita maji, badala ya mgongoni. Na mimi nilikuwepo siku hiyo. Ndiye niliyemshikia ngazi. Safari hii nikapanda mwenyewe. Ngazi ya mita 4 inatakiwa mguu wake ukae kama mita 1 kutoka ukutani. Yangu ilikaa pale tope lilipoamua. Tusiongee mengi. Nilishuka, ila si kwa kutumia ngazi.

Benchi nililipaka rangi ya mafuta siku ya Alhamisi. Unyevu ukagoma kuiacha ikauke. Jumamosi mjomba wa mke wangu akalikalia na suruali nyeupe, na sasa mjomba ana mistari sita ya kijani nyuma, na benchi lina kumbukumbu kamili ya mjomba. Majani uani niliyafyeka Jumatatu, Ijumaa yamerudi yakiwa na ndugu zao, kama ambavyo ingekuwa kwangu kesho yake.

Halafu kuku. Kuku aliona chumba cha wageni kimefagiwa, kimetulia, kina giza zuri chini ya kitanda, akahamia. Nilipomgundua alikuwa keshalalia kwa siku 12. Kuku hulalia siku 21, na ukimhamisha katikati anaweza kususa akakuachia mayai uyalalie wewe. Nikamwambia mama watoto: wageni hawataangalia chini ya kitanda. Hapo ndipo nilipojua kwamba bado naongea kama bwana harusi.

Kilichobaki kikawa mlango wa chumba hicho hicho. Huu ndio niliokalia.

Ngoja niwaeleze ubaya wa mlango huu. Fundi aliyeuleta aliupaka rangi mbele na nyuma, ukang'aa ukawa unajiona. Nikamuuliza, mbona juu na chini kwenye kingo hujapaka? Akacheka, akasema, "Mzee, kule juu nani atapaona?" Nikacheka naye. Kumbe kichwa cha ubao uliokatwa kina vitundu kama mirija, na mirija kazi yake ni kunywa. Unyevu ukapaona kule juu. Kila msimu wa mvua mlango unakunywa wee mpaka unashiba, na ubao ukishiba karibu haurefuki, unanenepa kwa upana. Hapo sina la kuusema, maana hata mimi ndivyo nilivyo.

Wakaja. Tisa, gari moja. Mama mkwe akashuka wa mwisho, polepole, kama anayekagua gwaride. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu, habari za hapa. Nzuri mama. Macho yake tayari yako kwenye bati.

Akaomba apumzike kidogo. Akaingia chumbani, akausukuma mlango ufunge, mlango ukakwama katikati. Mimi ningeuacha hapo hapo. Mlango uliofungwa nusu ni mlango mzuri tu. Lakini shemeji alikuwa karibu. Shemeji kazi yake ni ya mezani, ila usiku hutazama kwenye simu watu wakikarabati nyumba, na kwa sababu hiyo hakuna kitu asichokijua. Akaniambia, "Shem, huu unataka nguvu tu." Akaushika mkono wa kitasa kwa nje, akapaza sauti, "Mama, sukuma! Mimi navuta!"

Mama mkwe akasukuma. Shemeji akavuta. Mlango ukafunga kwa kishindo kilichowafukuza ndege mtini.

Kimya. Kisha tukasikia ndani mkono wa kitasa unatikiswa. Kisha tukasikia kitu cha chuma kinaanguka sakafuni. Kisha sauti ya mama mkwe, imetulia kabisa, na sauti iliyotulia ndiyo mbaya: "Mwanangu. Hiki kitu kimetoka."

Kilichotoka ni mkono wa kitasa pamoja na kile chuma cha pembe nne kinachopita katikati. Wa kwetu ukawa unazunguka bure kama gurudumu la kuchezea. Shemeji akaung'oa, akaingiza bisibisi kwenye tundu, akazungusha. Ulimi wa kitasa ukarudi, tk, tuliusikia wote. Akatabasamu. Akasukuma. Mlango haukutikisika. Kitasa kilikuwa kimetuachia, ubao wenyewe ndio uliokataa.

"Chungulia tundu la ufunguo uone umekwama wapi," shemeji akanishauri.

Jamani. Mimi, mtu mzima, niinamie tundu la ufunguo la chumba alimo mama mkwe wangu, mbele ya watu wanane. Nikamwambia achungulie yeye, si mama yake? Akasema yeye mgongo unamuuma. Tukabaki tunatazama tundu lile kama wawili waliokutana na nyoka.

Nikaona busara ni kwenda dirishani. Dirisha lina nondo, nilizipachika mwenyewe, na kwa nondo zile nilijisifu mwaka mzima. Tukakutana hapo mkwe na mkwe, yeye ndani mimi nje, ingawa kwa sura zetu mpita njia asingejua nani amefungwa.

"Mama, samahani sana."

"Hamna neno mwanangu. Ila kuna mtu huku chini ya kitanda."

"Si mtu mama. Ni kuku."

"Najua ni kuku. Amenidonoa kisigino."

Nikaeleza habari ya siku 21. Akasikiliza. Akauliza leo ya ngapi. Nikasema ya 12. Akatikisa kichwa kama daktari aliyeridhika na mgonjwa mmoja tu kati ya wote waliomo hospitalini.

Upande wa pili nasikia shemeji anapiga mlango kwa bega. Mjomba anahesabu moja, mbili, tatu, akiwa mbali kidogo kwa ajili ya suruali. Watoto wamelala kifudifudi wanampitishia bibi yao vitu chini ya mlango: jani, kalamu, kipande cha karatasi kilichoandikwa "pole". Shangazi anasema kwa sauti ya chini inayosikika mpaka bondeni kwamba yeye alishauri tangu mwanzo binti aolewe na yule mwingine.

Mimi nawaza bawaba. Mlango ukigoma, unatoa pini za bawaba, unautoa mzima. Lakini mlango huu unafunguka kwenda ndani, kwa hiyo pini ziko ndani. Ndivyo inavyotakiwa, ili mwizi asiweze kuzing'oa akiwa nje. Mwenye nyumba naye hawezi.

"Nipe bisibisi na nyundo," mama mkwe akasema.

"Mama, usijisumbue."

Neno lilinitoka lenyewe. Akanitazama kupitia nondo. Nikampitishia bisibisi na nyundo.

Nilitaka angalau nimwelekeze. Nikafungua kinywa kusema, mama, anza na ile ya... "Ya chini kwanza," akasema, bila kugeuka. Akaweka ncha ya bisibisi chini ya pini, akagonga kwa nyundo mara tatu, pini ikapanda. Akaivuta kwa vidole, akaipuliza vumbi, akaiweka kitandani. Ya kati, hivyo hivyo. Ya juu alipanda kwenye sanduku lake. Pini tatu zikalala kwenye shuka zimepangwa sawasawa, na mlango ukabaki umesimama wima, haushikwi na kitu chochote ila kiburi.

Huku nje shemeji hajui kinachoendelea. Yeye ameshaamua kwamba bega halitoshi bila mbio. Nikamsikia anarudi nyuma mpaka mwisho wa korido. Nikapaza sauti, "Shemeji, ngoja!" Mjomba akapaza sauti, "Tatu!"

Wakati huo huo mama mkwe alikuwa amechomeka bisibisi kwenye ufa, akasokota kidogo tu. Mlango ukatoka kama kizibo. Akaudaka, akauegemeza ukutani kwa adabu, akasogea pembeni. Na shemeji akapita. Hakukuta mlango wa kumzuia. Alipita kwa kasi aliyokuwa ameiandaa kwa ajili ya mbao, akapita mbele ya mama yake, akaingia chini ya kitanda hadi kiunoni.

Yaliyofuata kule chini ni kati yake na kuku. Mimi nilisikia sauti tu, na siwezi kuapa ipi ilikuwa ya nani. Yai halikuvunjika hata moja. Hili mama mkwe alilikagua kabla hajamkagua mwanawe.

Mngedhani shemeji angepumzika. Jumapili asubuhi namkuta barazani ameulaza mlango, ameshika randa yangu. Nikamsihi. Shemeji, mvua zikikata ubao unakauka wenyewe, unapungua wenyewe, usiukate sasa. Akasema nisiwe na wasiwasi, atatoa "nywele kidogo". Maranda yalipofika kwenye vifundo vya miguu nikaondoka, maana moyo wangu nao si wa chuma. Tulipoupima kwenye fremu, upande mmoja panapita mkono wangu na saa yake. Na hiyo ni sasa, umelowa, umenenepa. Ukija kukauka, kuku atapita mlangoni bila kuufungua.

Mchana ikawa matembezi. Twende mtoni, ni hapo tu. Nani alisema hapo tu? Mimi. Gari likazama kwenye tope kabla hatujafika hata nusu ya njia. Gurudumu likizunguka bure linajichimbia kaburi, tia matawi chini yake, nyanyua mguu kwenye mafuta. Nilisema hivyo mara nne. Shemeji kwenye usukani akasema sukumeni tu. Nilikuwa nyuma ya gurudumu la kulia. Tope lote lililokuwa chini ya gari lilihamia kwangu, na gari likabaki pale pale, jepesi zaidi. Mto tulikwenda kuuona kwa miguu. Ulikuwa na maji. Tukarudi.

Njiani tukakuta kundi la nyuki limening'inia tawini, wametulia kama ndevu za mzee. Msimu wao ndio huu. Kwa nyuki, nyumba ikijaa, malkia mkongwe ndiye hufungasha na kuondoka na kundi lake, binti anaachiwa makao. Nilianza kumweleza mama mkwe jambo hili kama elimu tu, sina nia yoyote. Mama watoto akanikanyaga mguu. Ule ulioumia kwa ngazi.

Wameondoka leo asubuhi. Watoto, waliokuja wakiuliza intaneti, wamelia kumwacha kuku. Mama mkwe ameniaga vizuri sana, ameniambia mayai yakianguliwa nimpigie, akanishika mkono kwa mikono miwili. Nimeguswa, sikatai. Nimesimama nimepunga mkono mpaka gari limepotea kwenye kona.

Nikarudi, nikasema sasa nifanye kazi. Nibandike ubao mwembamba ukingoni pale alipokula shemeji, nipake rangi juu na chini kwa mkono wangu mwenyewe, nirudishe bawaba. Nikapekua sanduku la vifaa. Nyundo ipo. Randa ipo, Mungu anasikia. Patasi ipo. Bisibisi haipo. Nikatafuta kitandani, chini ya kitanda, kuku akanifanya alivyomfanya mwenzangu. Pini tatu ziko pale pale zilipopangwa. Nimemuuliza mama watoto. Ameinua macho kidogo tu.

"Mama aliipenda. Alisema ni nzuri, haitelezi. Ameitia kwenye mkoba."

Ni bisibisi moja niliyonayo. Simu ninayo mkononi, ujumbe nimeshauandika mara tano: "Mama shikamoo, ile bisibisi..." Nafuta. "Mama, poleni na safari, samahani, kuna kitu kidogo..." Nafuta. Jirani anayo moja, lakini jirani ana wageni, tangu asubuhi nasikia kwake wanagonga kitu, na mtu anapaza sauti kwamba kinataka nguvu tu.