Faranga 5 ya Katanga: ipimeni kabla ya kutoa dola

Hapa Lubumbashi mtu akikupa noti ya dola, unaigeuza juani na kuikagua pembe kwa pembe, usije ukapokea yenye mpasuko. Lakini mtu huyohuyo atatoa dola mia kadhaa kwa faranga 5 ya Katanga "ya dhahabu" kwa kuwa inang'aa na imelazwa kwenye kisanduku cha mahameli. Hili linaniuma, maana hakuna sarafu rahisi kukagua kama hiyo.

Mwaka 1961, Katanga ilipokuwa imejitenga na Kongo chini ya Moïse Tshombe, ilitoa faranga 5 za namna mbili: za bronzi (shaba iliyochanganywa na bati) na za dhahabu. Zote zina ndizi upande mmoja na msalaba wa Katanga, yaani ule wa shaba uliotumika zamani kama pesa, upande wa pili, na upana wake unakaribiana mno. Mlaghai hana haja hata ya kutengeneza kalibu. Anachukua ya bronzi, anaitia maji ya dhahabu, kazi imekwisha.

Uzito ndio unaomshinda. Ya dhahabu ina gramu 13,33. Ya bronzi haifiki gramu 7. Mizani ndogo ya sonara inamaliza ubishi papo hapo, na papa muuzaji akikataa sarafu yake isipimwe, agana naye kwa heshima uondoke.

Wengi wanakimbilia sumaku. Hapa haina msaada: inakamata chuma, lakini bronzi haiikamati, kama isivyoikamata dhahabu. Afadhali lenzi. Angalia ukingo na ncha za msalaba, mahali vidole vinaposugua. Dhahabu ya maji ni nyembamba sana. Ikilika, wekundu unachungulia, na sisi watu wa nchi ya shaba tunaujua wekundu huo tangu utoto.

Tena msome kile kikaratasi kinachouzwa pamoja na sarafu. Faranga 5 halisi ni dhahabu ya asilimia 90, yaani karati 21,6. Anayekuandikia "karati 24" amejitaja mwenyewe: anasifu ngozi ya juu tu.

Na nyinyi wandugu mnaokuta ya bronzi kwenye sanduku la babu, nawaomba msiipeleke kupakwa dhahabu, wala msiisugue kwa ndimu. Rangi ile ya kahawia imejijenga kwa zaidi ya miaka 60, na mkusanyaji anayejua ndiyo anayoilipia. Ikishapakwa, haijawa ya dhahabu, na ile ya bronzi mmeshaiharibu.