Lango la shule liko wazi, mtoto abaki na nani?

Kwenye mkutano wa wazazi wa shule moja huku Kayole, Nairobi, saa nzima iliishia kwa msichana wa kidato cha tatu aliyejifungua na sasa anataka kurudi darasani. Mzazi mmoja alisimama: "Mkimrudisha huyu, mnawafundisha nini wetu?" Makofi yakapigwa.

Siwabezi waliopiga makofi. Anayelipa karo kwa kudunduliza ana haki ya kuogopa. Ila hoja ya kwamba mimba huambukizana haina miguu. Sera ya Kenya ya kuwarudisha shuleni wasichana waliojifungua ipo tangu 1994, ikapewa mwongozo mpya 2020. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2014 ulikuta asilimia 18 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wamewahi kushika mimba. Ule wa 2022, asilimia 15. Sisemi sera ndiyo iliyopunguza. Lakini kama ingekuwa inawashawishi wengine, tungetarajia hesabu ipande.

Sisi tunaoitetea nasi tuna uvivu wetu: tunaishia langoni. Binti wa ploti yetu alirudi mwaka jana. Saa kumi na moja alfajiri yuko macho akimnyonyesha mtoto, kisha anamwacha kwa mama anayelea watoto wa mtaa, shilingi 100 kwa siku. Kufikia saa nne maziwa yamelowesha shati la sare, kwa hiyo anavaa sweta hata jua likiwaka. Hiyo mia, kwa muhula wa wiki 12, ni shilingi 6,000, na mama yake anafulia watu nguo.

Mwili nao una madai yake. Nyonga ya msichana mdogo haijakomaa. Uchungu ukikwama bila msaada, huweza kumwachia fistula, yaani tundu linalovujisha mkojo au kinyesi. Kifafa cha mimba na upungufu wa damu navyo humwandama. Anayejifunga leso kuficha tumbo huanza kliniki mimba ishakuwa kubwa, akikwepa ulimi wa muuguzi. Wapo wauguzi wanaosema wanakemea ili asirudie. Asichorudia mara nyingi ni kliniki yenyewe.

Na baba je? Mkutanoni hakutajwa hata mara moja. Kifungu cha 53 cha Katiba kinawapa wazazi wote wawili jukumu sawa, wawe wameoana au la, na Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inamhesabu mtu mzima anayelala na mtoto wa chini ya miaka 18 kuwa amemnajisi. Lakini kesi nyingi huishia sebuleni, wazee "wakielewana". Si tamaa tupu: mahakama hula nauli na miezi, na jamaa akifungwa hela ya maziwa imekwenda naye. Hesabu hiyo naielewa, japo bili analetewa msichana.

Mwishowe mkutano ulikubali yule wa kidato cha tatu arudi. Tulipokuwa tukitoka, mama yake alikuwa kando ya lango akimbembeleza jirani anayelea watoto: mia ishuke, iwe sabini.