Granada ilikuja baadaye, kwanza ilikuwa hela

Mwandishi wa makala kuhusu Isabel na Fernando, malkia na mfalme wa Hispania, ameanza na kuanguka kwa Granada, ufalme wa mwisho wa Waislamu huko, mwaka 1492, kana kwamba walipata nguvu siku ile. Hapana bwana. Kazi kubwa ilifanyika 1480 kule Toledo, kwenye mkutano wa Cortes, yaani bunge la ufalme, na haikuwa ya upanga.

Kaka yake Isabel, Enrique IV, alikuwa amewagawia makabaila mapato ya ufalme ili wamwache apumue. Isabel akamwita padri wake wa kitubio, Hernando de Talavera, apitie hati moja moja: huyu alipewa kwa utumishi gani, yule kwa vitisho gani? Waliopata kwa ujanja wakanyang'anywa. Karibu nusu ya mapato yaliyotolewa tangu 1464 yakarudi hazina. Waliokatwa ni pamoja na watu wa upande wake mwenyewe, na hapo ndipo namvulia kofia.

Halafu kuna lile la 1476. Mkuu wa Santiago, shirika la kidini la mashujaa wa vita lenye ardhi nyingi, amefariki, wenzake wanajiandaa kumchagua mwingine. Isabel akapanda farasi kutoka Valladolid, akawaendea Uclés, makao yao, akawaambia uchaguzi usimame. Miaka michache tu baada ya Granada, mashirika yote makubwa matatu, Santiago, Calatrava na Alcántara, yalikuwa mkononi mwa Fernando, pamoja na ardhi na kodi zake.

Ila msidhani makabaila waliisha. Mashamba yao makubwa waliachiwa. Walichopoteza ni sauti ndani ya Baraza la Kifalme, ambako viti vingi vya kura walikalia wanasheria.