Serikali Inanunua kwa Ngoma, Sisi kwa Rola

Jamani, nchi inajengwa, hakuna anayebisha. Bwawa la umeme la Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115. Treni inakwenda Dodoma kwa umeme wa kilovolti 25. Nguzo za REA, wakala wa umeme vijijini, zimefika hadi vijiji ambavyo basi lilikuwa linageuzia njiani. Hongera. Sasa mwenye nyumba ya vyumba vitatu aingie duka la vifaa vya umeme aulizie rola ya waya wa shaba. Akitajiwa bei anadhani ameuziwa na kaunta.

Kijijini kuunganishiwa umeme ni shilingi 27,000. Vigelegele! Ila hiyo 27,000 inaishia kwenye mita. Kutoka kwenye mita kwenda ndani ni wewe na Mungu wako. Taa zinataka waya wa milimita za mraba 1.5, soketi 2.5, na kila upande unataka nyekundu, nyeusi na ya kijani. Hizo ni rola sita za mita 100. Ukivua plastiki, rola ya 2.5 ina shaba kilo 2.24, ya 1.5 ina kilo 1.34. Piga hesabu: nyumba moja ni karibu kilo 11. Kijiji cha nyumba 200 za namna hiyo kinameza tani 2 na ushee, na bado shule, zahanati na mashine ya kusaga hazijafungua mdomo.

Kuna wajuaji wa kijiweni watakwambia minara mikubwa ndiyo imemaliza shaba. Uongo. Ule waya wa juu ni alumini yenye uti wa chuma, kwa sababu shaba ingeielemea minara na bajeti pamoja. Shaba inaliwa kwenye jenereta, kwenye transfoma nyingi, kwenye eathi, yaani waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini, na juu ya reli. Waya wa shaba wa milimita za mraba 100, ambao kwa treni wala si mnene, una kilo 896 kwa kilomita moja. Hiyo ni wairing ya nyumba zaidi ya 80, imening'inizwa juu ya reli na kunguru wameikalia.

Halafu kuna suala la foleni. Mkandarasi wa mradi anaagiza kebo kwa ngoma, zile gurudumu za mbao zinazobebwa na kreni. Wewe unaomba rola moja na kumbembeleza muuzaji akupunguzie elfu mbili. Kiwandani wataitika ngoma kwanza, hata kwenye harusi ni hivyo hivyo. Na shaba yenyewe ina bei ya dunia, kwa dola. Mei 2024 ilivuka dola 10,000 kwa tani, yaani dola 10 kwa kilo. Rola ya 2.5 ikawa na dola 22 za shaba tupu kabla ya plastiki, kodi, lori na faida ya watu watatu.

Kinachouma zaidi ni kwamba shaba hiyo inatupita mlangoni! Malori kutoka Zambia na Kongo yanaingia Tunduma na mabamba ya shaba, yanapita Mbeya, yanashusha bandarini Dar, mzigo unapanda meli. Sisi tunapisha barabarani na kula vumbi.

Bei ikipanda hivyo ndipo anapojitokeza ndugu yake wa nje: alumini iliyopakwa shaba. Rangi ni ileile, bei nusu. Kata ncha kwa kisu, kisha kwaruza. Ukiona weupe ndani, rudisha. Kisha pima uzito: rola halali ya 2.5 pamoja na plastiki yake inafika kama kilo 3, bandia inaweza isifike hata 2. Fundi mwenye mita ya kupimia omu, yaani ukinzani wa waya, agusishe kwanza ncha za mita hiyo zenyewe kwa zenyewe, namba itakayosoma aitoe baadaye, ndipo apime rola mwisho kwa mwisho. Ya 2.5 isome karibu omu 0.7, ya 1.5 karibu 1.2. Ikisoma chini sana usishangilie, huenda rola ina mita 80.

Ukiipuuza, itakulipa polepole. Alumini chini ya skrubu ya soketi hulegea, ikilegea inapata joto, ikipata joto inalegea zaidi, mpaka soketi inanuka kama mpira wa baiskeli umetupwa jikoni.

Hata shaba halali ina masharti. Birika la wati 2,000 linavuta ampea karibu 9. Ukilipeleka banda la uani mita 60 kwa waya wa 1.5, njiani zinapotea volti 12 hivi na wati zaidi ya 100. Kwa ile ya kupakwa, potezo linakaribia volti 20. Waya nao unachemsha chai yake, na LUKU, ile mita ya kulipia kabla, inakata kwa wote wawili.

Bajeti ikibana, wa kwanza kufutwa kwenye orodha ni waya wa kijani, ule wa eathi. "Huo wa nini, mbona taa zinawaka bila huo?" Taa zinawaka, ndiyo. Ila mlango wa friji nao umeanza kuwasalimia wageni kwa mkono.